Ahadi ya Gigahezi Tano

Kazimili Bigirimana, mpiga picha za video wa Ngara mjini, hana ugomvi na mtu yeyote isipokuwa muda. Mama yake husimulia kwamba alizaliwa kabla mkunga hajamaliza kunawa mikono. Husimulia pia kwamba, alipokuwa mdogo, ndizi za pombe zikishafukiwa shimoni ziive kwa joto na moshi, yeye alikuwa akizifukua kila jioni kuangalia zimefikia wapi, hata zikapoa na pombe ya mwaka huo ikawa chungu. Baba yake alimsamehe. Majirani waliokuwa wameinywa hawakumsamehe.

Mtu wa namna hiyo angefaa kuendesha gari la wagonjwa. Badala yake aliingia katika kazi ambayo kwa kawaida huchelewa kuliko zote wilayani: kutengeneza filamu za harusi, kipaimara na misiba. Kupiga picha hakuchukui muda. Kinachochukua muda ni kukata vipande, kuvipanga, kuunganisha sauti na picha, kisha kuiachia kompyuta ivipike vyote viwe filamu moja. Katika kupika huko ndipo kompyuta za zamani zilipomwaibisha. Wapo wanandoa waliopokea filamu ya harusi yao wakiwa tayari na mtoto anayetembea, wakamkalisha mbele ya televisheni kumwonyesha jinsi wazazi wake walivyokuwa wembamba.

Kwa sababu hiyo, siku aliponunua kompyuta ya mezani iliyotumika, iliyovushwa Rusumo kutoka Kigali, Kazimili aliipokea kama mkwe. Sifa yake kubwa ilikuwa prosesa, yaani kile kidude bapa kidogo kinachofanya hesabu zote ndani ya mashine. Prosesa nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimefungiwa mwendo wake. Hii ilikuwa ya aina ambayo mwenye nayo anaruhusiwa kuingia katika mipangilio ya ndani, kabla kompyuta haijamaliza kuwaka, na kuiongezea kasi atakavyo, kwa hatari yake mwenyewe. Kiwanda kilikuwa kimeiweka kwenye kasi ya gigahezi tatu nukta saba. Kazimili aliipandisha hadi nne nukta mbili, nayo ikafanya kazi bila kinyongo. Laiti angeishia hapo, maisha yake yasingekuwa na la kusimuliwa.

Hakuishia hapo kwa sababu ya kamati ya harusi ya Iteka.

Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa Mzee Nduwayo, baba mkubwa wa bibi harusi, mtumishi mstaafu aliyesifika kwa kuwatoa watu ahadi wasizozikusudia. Utaratibu unajulikana: wajumbe huketi kwa mduara, kila mmoja husimama kwa zamu na kutaja atakachochangia, wengine hupiga makofi, katibu huandika. Mzee Nduwayo hakuwahi kukubali kiwango cha kwanza. Mtu akitaja mbuzi mmoja, mzee humtazama kwa huruma na kusema, "Mbuzi mmoja atalia peke yake usiku kucha. Mpe mwenzake." Makofi hupigwa, na mbuzi huwa wawili.

Ahadi ikishatamkwa katika mduara huo huweza kupandishwa. Kushushwa haiwezekani. Mzee mmoja wa Kaniha aliwahi kuahidi ng'ombe kutokana na furaha ya dakika moja, na ikambidi ahamie kwa shemeji yake hadi harusi ilipopita.

Zamu ya Kazimili ilipofika, alisimama na kusema kwamba mchango wake ni filamu ya siku hiyo hiyo. Ibada itafanyika asubuhi, na mchana, wageni wakiwa bado mezani, filamu itakuwa imekwisha kutengenezwa na itaonyeshwa nyumbani kwa Mzee Nduwayo.

Ahadi hiyo haikuwa ya mapambo. Bibi Zita, mama wa marehemu mama yake Iteka, ndiye aliyemlea binti huyo tangu akiwa mchanga. Alikuwa ameanguka shambani na kuvunjika nyonga, na hakuweza tena kushuka kilimani kwenda kanisani. Alikuwa ametamka wazi kwamba hatamwekea mikono ya baraka mtu wa safari ambaye hakumwona akiolewa wala kumsikia kwa sauti yake mwenyewe akisema "nakupokea". Bwana harusi alikuwa wa Nyakahura, upande wa Biharamulo, na ndugu zake walikwisha kusema kwamba hawatamsafirisha bibi harusi gizani. Bila filamu kabla jua halijainama, Iteka angeondoka bila mikono ya bibi yake kichwani. Kila mjumbe alilielewa hilo.

Mzee Nduwayo akauliza mashine hiyo ina kasi gani. Kazimili akajibu kwa fahari kwamba ina gigahezi nne nukta mbili.

"Sasa hiyo nukta mbili inatafuta nini huko nyuma?" akauliza mzee. "Kijana wangu, fikisha tano."

Makofi yakapigwa. Kazimili, ambaye alikuwa mtu pekee katika chumba kile aliyejua gigahezi ni nini, alisema ndiyo. Katibu akaandika gigahezi tano, chini ya kreti za soda na juu ya mbuzi wa mwalimu mmoja. Mama mmoja wa kamati ndogo ya vinywaji aliuliza kama zitaletwa zikiwa baridi.

Kesho yake fundi wa mabango aliitwa kuandika kwenye mlango wa studio, kwa rangi nyekundu, KASI 5.0. Ndani ya mlango, kompyuta ilikuwa haijaombwa maoni yake.

Ilipoombwa, ilikataa hata kuwaka. Feni ilizunguka, skrini ikabaki nyeusi. Kazimili alichomoa kile kibetri kidogo kama cha saa ili mashine isahau alichoiambia, akaanza upya, na safari hii akafanya kile ambacho kila mtu wa Ngara mwenye umri wake angefanya: akaongeza umeme.

Tabia hiyo ina historia. Kizazi chake kilikulia kwenye umeme wa jenereta la mafuta, uliokuwa ukilegea kila jioni watu wanapowasha pasi. Taa ikififia, umeme ni mdogo. Redio ikikoroma, umeme ni mdogo. Friji ikitetemeka, vilevile. Kizazi kizima kikahitimu kikiamini kwamba hakuna chombo duniani kinachougua kwa kushiba. Ni kweli kwamba prosesa inayokimbizwa huhitaji volti zaidi kidogo ili isijikwae. Ni kweli vilevile kwamba volti hizo hugeuka joto, na kwamba joto lina mpaka wake. Lakini somo hilo la pili halikuwahi kufundishwa na jenereta.

Alijaribu kwa kupika upya filamu ya harusi ya mwaka uliopita. Kwenye volti moja nukta tatu, kompyuta iliwaka, ikaanza kupika, ikatoa skrini ya bluu ya hitilafu wakati maharusi wakiingia kanisani. Akaongeza kidogo, ikaganda kwenye masomo. Akaongeza tena, ikafika mahubiri. Kwenye moja nukta nne ilivuka mahubiri na kufia kwenye matoleo, huku feni ikilia kiasi kwamba kinyozi wa jirani alilazimika kupandisha sauti ya redio. Kwa mwendo huo, kufika kwenye keki kungehitaji umeme wa mashine ya kusaga.

Ushauri haukukosekana. Ahmadi, mwenye duka la vifaa vya umeme, mjukuu wa wafanyabiashara waliokuja kutoka pwani na kuukuta mji huu ukiwa maduka machache, alikuja akaiinamia kompyuta kama anayesikiliza tumbo.

"Kaka Kazimili, mimi siyo daktari," alisema, "lakini hii ina njaa."

Akamuuzia stabilaiza ya kusawazisha umeme wa ukutani. Kompyuta ikafia kwenye matoleo yale yale. Ahmadi akarudi, akagundua kwamba njaa haikuwa ya ukutani bali ya ndani, akamuuzia kifaa cha kugawa umeme kilicho kikubwa zaidi. Ikafia hapo hapo. Mara ya tatu alipeleka kiganja karibu na prosesa, akakirudisha haraka na kutangaza bila haya kwamba sasa imevimbiwa, na kwamba dukani anazo feni.

Feni zilisaidia kwa namna iliyoleta msiba mpya. Akiwa na feni tatu na volti moja nukta nne tano, Kazimili aliiona filamu ikipita matoleo, ikapita komunyo, ikafika keki, ikaisha. Alimwita mkewe, Priscila, wakapeana mikono. Kisha akatazama saa. Filamu ilikuwa imechukua muda mrefu kuliko ilivyochukua siku kompyuta ilipotoka kwa muuzaji, kabla hajaigusa. Alifungua kidirisha kinachoonyesha kasi halisi na joto, na hapo akayaona mambo yalivyo: prosesa ilipokaribia kuungua, ilikuwa ikijipunguzia mwendo yenyewe ili ipone. Mlangoni ilikuwa tano. Ndani ilikuwa mbili na kitu, nyakati nyingine chini ya hapo.

Alikifunga kidirisha kile polepole, kama mtu anayegeuzia ukutani picha ya baba mkwe.

Si kwamba hakujua la kufanya. Siku moja, mlango ukiwa umefungwa, alirudisha kila kitu kwenye hali ya kiwanda na kuanza kama inavyotakiwa: akapandisha kasi hatua moja, akapika filamu nzima, akatazama joto, akapandisha tena, bila kugusa mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwenye gigahezi nne na nusu, kwa volti ndogo kuliko zote alizokuwa akiipa, kompyuta ilipika harusi ya mwaka uliopita kutoka maandamano hadi keki bila kukohoa, tena kwa muda mfupi kuliko ilivyowahi. Ukiweka kiganja juu yake ulihisi uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa.

Priscila aliyaona yote hayo akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja.

"Baba Felisita, nikuulize. Ukiiweka nne na nusu, inamaliza?"

"Inamaliza."

"Na ukiiweka tano?"

"Inategemea. Inaweza kufika keki, lakini inafika imechoka."

"Basi si uiweke nne na nusu?"

Kazimili alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mama Felisita, hukusikia katibu aliandika nini?"

Juma lililofuata alilitumia kutafuta njia ya kuwa na tano bila kuungua. Alivua ubavu wa kompyuta. Alibadilisha pasta ya kupozea juu ya prosesa. Aligusa kipengele kinachozuia volti zisilegee mashine inapoelemewa, akakiweka kwenye kiwango cha chini, cha kati na cha juu, na kila mara akapata ugonjwa tofauti. Aligundua kwamba alfajiri, ukungu wa Julai ukiwa bado vilimani na dirisha likiwa wazi, tano ilidumu hadi komunyo bila kujipunguza. Kwa dakika chache alifikiria kumwomba Mzee Nduwayo aihamishie harusi alfajiri.

Watu nao hawakumsaidia. Habari ya zile tano ilikuwa imesambaa, na wapita njia waliingia studio kuziona. Kazimili aliwafungulia ukurasa wa mipangilio, wakaitazama 5.0 ikiwa imeandikwa pale, wakatikisa vichwa. Hakuna aliyewahi kuuliza kama inafanya kazi.

Siku ya harusi ilikuwa Jumamosi ya jua kali. Ibada ilikwenda vizuri. Kazimili alipiga picha kwa kamera mbili, na sauti ya viapo aliinasa kwa kinasa sauti kidogo alichokiweka altareni, kwa kuwa kamera zilikuwa mbali na Iteka huzungumza kwa sauti ya chini. Priscila alikwisha kumshauri kwamba ikishindikana waunganishe kamera na televisheni ya nyumbani. Lakini kamera zilibeba picha ya midomo, sauti ikiwa kwingine, na Bibi Zita alikuwa ametaka vyote viwili. Kilichotakiwa ni filamu iliyounganishwa.

Alikimbia studio, akaketi, akapanga vipande kwa ustadi ambao hakuna anayeubisha, akaiamuru kompyuta ipike. Nyuma yake walisimama watu wasiopungua wanane, waliokuja kuona tano zikifanya kazi. Joto lao na la jua yalijumlishwa. Kompyuta iliganda kwenye masomo.

Aliiwasha upya, akaongeza volti. Iliganda maharusi wakiwa bado mlangoni mwa kanisa. Mmoja wa watazamaji alisema pengine mashine haipendi kwaya. Kazimili akaongeza tena, kiwango ambacho mwenyewe alikuwa ameapa kutokifikia, na kompyuta ikazimika yote, na kwa muda ikakataa kuwaka kabisa. Chumba kilinuka vumbi lililopashwa moto. Ahmadi, aliyepita akiwa amevaa suti ya kwenda harusini, alichungulia mlangoni na kusema kwamba dukani amefunga lakini kwa jambo hili anaweza kufungua.

Simu ikalia. Alikuwa Mzee Nduwayo, na nyuma yake ulisikika muziki. Alieleza kwamba ndugu wa Nyakahura wamekwisha kula, na kwamba dereva wao amegeuza gari likatazama barabara. Kisha akasema kuna mtu anataka kuongea, na sauti ikabadilika.

"Shikamoo kaka Kazimili. Ni mimi, Iteka. Bibi amevalishwa kitenge chake. Tumemkalisha mbele ya televisheni, haijawashwa. Anaitazama tu. Nimwambie nini?"

Kazimili alimwambia amwambie bibi kwamba inakuja.

Alikata simu, akawaomba watu wote watoke, Ahmadi na suti yake pia. Walitoka wakinung'unika, kwa kuwa walihisi wananyimwa sehemu tamu. Akafunga mlango, akasubiri mashine ipoe, akaingia kwenye mipangilio. Priscila, aliyebaki ndani, anasema mumewe aliitazama ile tarakimu kwa muda wa kusali Salamu Maria moja. Kisha akaishusha. Nne na nusu. Volti akazirudisha zilivyokuwa siku ile ya majaribio. Akawasha, akaamuru ipike, akaweka kiganja juu ya boksi na kukiacha hapo.

Maharusi waliingia kanisani. Masomo yalipita, mahubiri yalipita, viapo vikapita. Nje, waliofukuzwa walikuwa wamesimama wakiitazama KASI 5.0 kwa heshima na wakisema kwamba kweli, safari hii inasikika ikikimbia kimya kimya. Filamu ilipofika keki, Kazimili alichomeka flashi, akainakili, akarukia bodaboda.

Nyumbani kwa Mzee Nduwayo walikuwa katika sehemu ya kuthibitisha ahadi. Mwenyekiti, kipaza sauti mkononi, alitaja kila kilichoahidiwa, na mwenyewe alisimama na kujibu "imetimia". Kazimili alipoingia getini akihema, mzee hakumwacha hata avuke turubai.

"Kazimili Bigirimana, filamu ya siku hiyo hiyo, kwa gigahezi tano. Zimetimia?"

Akapewa kipaza sauti cha pili. Mbele ya televisheni iliyozimwa aliketi Bibi Zita, amenyooka, mikono imelala juu ya kitenge, na Iteka amepiga magoti pembeni yake na gauni lake jeupe. Kusema neno moja tu kungetosha, na hakuna mtu pale ambaye angeweza kulipima.

"Filamu ninayo hapa, Mzee," alisema Kazimili. "Lakini ni nne na nusu."

Mnung'uniko ulipita chini ya turubai. Watu waliokuwa wakitafuna waliacha kutafuna.

"Nusu imekwenda wapi?" akauliza Mzee Nduwayo.

"Ilikuwa inapata joto."

Mzee alikunja uso. Mtu aliyepunguza ahadi hadharani huwa hasahauliki, na Kazimili aliziona harusi za msimu mzima zikienda kwa mpiga picha mwenzake wa Biharamulo. Hapo ndipo alipoinuka Malongo, baba mdogo wa bwana harusi, mzee mnene wa Nyakahura ambaye tangu asubuhi hakuwa amepata nafasi ya kuonyesha ukwe wake.

"Mwenyekiti, msimfedheheshe kijana," alisema. "Hiyo nusu naimaliza mimi."

Vigelegele vikapasuka. Upande wa bibi harusi haukuweza kuvumilia wageni waitimize ahadi nyumbani kwao, na mjomba mmoja akasimama kuongeza moja nzima. Mama wa kamati ya vinywaji, kwa niaba ya kina mama, akaongeza robo. Katibu aliandika yote. Ahmadi, kutoka meza ya nyuma, aliinua mkono kutaka kuongeza feni, akaambiwa asichanganye mambo.

Bibi Zita alimwinamia mjukuu wake.

"Wanachanga nini?"

"Gigahezi, bibi."

"Wamepata ngapi?"

"Sita na robo."

"Zinatosha," alisema Bibi Zita. "Waambie wawashe televisheni."

Iliwashwa. Alitazama maandamano bila kusema kitu, alitazama masomo, na wakati wa mahubiri alifumba macho kama anavyofanya kanisani. Sauti ya Iteka ilipotoka, ndogo na wazi, ikisema "nakupokea uwe mume wangu", aliomba irudiwe, na Kazimili akairudia. Kisha akaomba izimwe, kwa sababu keki hakuwa na shida nayo. Aliweka mikono yote miwili kichwani pa Iteka, juu ya shela, na aliyoyasema aliyasema kwa Kihangaza, kwa sauti ya chini, wala hayakuwahusu waliokuwa chini ya turubai.

Msafara wa Nyakahura uliondoka jua likiwa bado juu ya migomba. Gari la pili lilisimama getini, kioo kikashuka, na Malongo akamwita Kazimili. Alitaka kujua ile nusu yake aipeleke wapi, kwa kuwa yeye si mtu wa kuahidi na kukimbia.

Kazimili alifikiri kidogo, akamwambia aitunze huko huko Nyakahura hadi ubatizo wa mtoto wa kwanza, kwa sababu siku hiyo atakuja yeye mwenyewe kupiga picha na ataihitaji.

Malongo aliridhika, akapandisha kioo.